Ngozi Hula kwa Tumbo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Alhamisi ya tarehe 13 Julai mwaka 2000, Générose alikata mshono wa bitana ya sakoshi yake kwa wembe, akaingiza vidole viwili, asikute kitu.

Aliingiza mkono mzima. Aligeuza bitana ya ndani ikawa nje, akaukung'uta mfuko juu ya mkeka. Kilichoanguka kilikuwa kipande cha uzi. Hakupiga kelele. Alijifunga kitenge kichwani, akatoka na sakoshi kwenye upepo ule wa Julai unaoipiga kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kama una kisa nayo, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Ketsia, fundi wa ngozi.

Ketsia alikuwa amechuchumaa, anapuliza mkaa ili ayeyushe nta. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Kazi aliifundishwa na baba yake, Norbert, katika karakana yao ya Uvira, kabla vita havijaitawanya karakana na watu wake. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba wateja walizoea kuinama ili waisikie.

"Fundi," Générose alisema. Siku nyingine zote alimwita mdogo wangu. "Barua ya Maombi iko wapi?"

Ketsia alisimama. Aliijua barua hiyo kwa habari tu. Maombi alikuwa jirani wa Générose kule Fizi. Mwaka 1998, alipokuwa anakufa kwa jeraha, alimwomba mchungaji aandike kwamba bintiye Carelle anamkabidhi Générose amlee kama wake. Kisha akachovya kidole gumba kwenye wino, akakiweka chini ya maneno. Kabla ya kuvuka ziwa kwenda Kigoma, Générose aliishona barua ndani ya bitana ya sakoshi, na hakuitoa tena mpaka asubuhi hii. Alitaka kuinyoosha kwa ajili ya kesho. Kesho, Ijumaa, saa mbili asubuhi, alitakiwa kwenye ofisi ya wakimbizi Lilongwe kwa mahojiano ya safari ya ng'ambo. Afisa alikuwa amemwambia waziwazi: mtoto usiyemzaa, bila karatasi ya mzazi, anatolewa kwenye faili. Wewe utasafiri. Yeye atabaki, kesi yake ichunguzwe peke yake. Na wote Dzaleka walijua uchunguzi wa namna hiyo hula miaka.

"Mi sikufungua bitana, yaya," Ketsia alisema, kama anavyoitwa dada mkubwa kwao.

"Nani mwingine alishika mufuko? Na angalia huku! Kuvu! Mafuta yako yameoza ndani ya siku tatu."

Watu walikwisha kusogea. Audace, kijana wa Burundi aliyebeba abiria na mizigo kwa baiskeli ya kabaza, alitia mguu chini akacheka. "Fundi wa ngozi! Unamupa ng'ombe, anakurudishia mukia."

"We nyamaza," Byamungu mshonaji alimwambia, akiwa mlangoni mwa kibanda chake na futi ya kupimia shingoni. "Kuna mutu analia hapa."

Générose hakuwa analia. Hilo ndilo lililomtisha Ketsia. Aliichukua sakoshi, akaifungua kwenye mwanga. Chini ya bitana, ule upande wa ngozi uliokuwa wa nyama wakati ng'ombe angali hai, palikuwa na weupe mwembamba, kama mtu amepuliza unga. Aliugusa kwa ncha ya kidole, akakiacha hapo, akahesabu hadi kumi. Alipokiondoa, weupe ulikuwa umetoweka, na ngozi chini yake iling'aa.

"Hii si kuvu," alisema. "Kuvu haiyeyuki kwa kidole. Hii ni mafuta yameganda kwa baridi. Na mi sikupaka mafuta ndani."

"Basi nani?"

"Sijui bado. Niachie mufuko mpaka jioni."

Générose alikaza kitenge kichwani. "Mpaka jioni," alisema. "Kesho saa mbili nitaambiwa nimuache mutoto, Ketsia. Unielewe vizuri. Nimuache."

*

Alipobaki peke yake, Ketsia aliuhesabu mshono. Matundu arobaini na mawili upande mmoja, na hakuna hata tundu jipya. Aliyefungua bitana aliufumua uzi taratibu, kisha akaurudisha tundu kwa tundu, akauvuta kwa nguvu ile ile. Hiyo ilikuwa kazi ya saa nzima, tena ya mkono wenye subira.

Kisha alifanya jambo ambalo hakutaka kulifanya: aliikumbuka Jumatatu.

Jumatatu, tarehe 10, saa nane mchana, Générose alikuwa ameleta sakoshi ikiwa imekauka mpaka inapiga kelele ikikunjwa. Ketsia alipanga makopo yake. Mafuta ya karanga aliyasukuma kando. Yanachacha na kuita panya. Mafuta ya nyonyo peke yake ni mazito, yanabaki juu na kukamata vumbi. Mafuta ya kwato za ng'ombe yanazama vizuri, ila yanaifanya ngozi iwe nyeusi. Alichanganya vipimo viwili vya kwato na kimoja cha nyonyo, halafu nta juu kwa ajili ya mvua za huko waendako. Baba yake alikuwa akisema, kabla ya kuuliza mafuta gani, uliza ngozi itakaa wapi na nani.

Siku hiyo kila aliyepita alikuwa na ushauri. Audace, aliyekuwa akingoja tandiko la baiskeli lishonwe, alisema, "Weka grisi ya cheni, mufuko utatembea wenyewe mpaka Amerika." Byamungu, aliyekuja kuazima nta, alisifu mafuta ya cherehani: mepesi, hayana harufu. Na Bibi Nibigira, mama mzee wa Burundi aliyekuwa jirani wa Générose, alisimama amemshika Carelle mkono, akaufinya mkanda wa sakoshi. "Mbona unapaka mgongo tu? Ngozi haili kwa mgongo, mwanangu. Ngozi hula kwa tumbo."

Na Ketsia, ambaye kwa kawaida maneno yalimtoka kama meno yanayong'olewa, alisahau aibu yake kwa sababu watu walikuwa wanazungumza habari za ngozi. Alijibu kwa sauti, "Mufuko wa kuwekea karatasi haupakwi ndani, Bibi. Mafuta yatakula barua. Mama Carelle ameshona barua ya mutoto humu ndani ya bitana."

Alikuwa ametoa siri ya Générose, aliyeitwa na wote Mama Carelle, ili aonekane anaijua kazi. Sasa, akiwa ameishika sakoshi tupu, aliona kwamba mkono wa mwizi ulikuwa wa pili. Mdomo wake yeye Ketsia ndio uliotangulia.

*

Alianza na Audace, aliyeirudisha sakoshi kwa baiskeli Jumanne, kwa kuwa alikuwa karibu.

"Jumanne ulitoka hapa na mufuko saa ngapi?"

"Saa kumi kasorobo. Saa kumi kamili nilifika. Mama Carelle alikuwa kwaya, nikamuachia Byamungu. Dakika kumi na tano, fundi! Nishone wakati gani? Nikanyage pedali kwa mikono, nishone kwa miguu?"

"Wanasema umeandika jina lako kwenda ng'ambo miaka mitatu, hawajakuita."

Kicheko kilimtoka usoni. "Njo hivyo," alikubali. "Na nikichukua barua ya mutoto, bataniita mi? Naitwa Carelle?" Alifungua viganja vyake. Vilikuwa vyeusi kwa grisi hadi kwenye mistari. "Onesha alama yangu kwenye huo mufuko. Hata moja."

Hakukuwa na hata moja. Ketsia alisema pole, akaenda kwa Byamungu.

Byamungu alikuwa ameishika sakoshi kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni ya Jumanne. Saa mbili zilitosha. Tena kila mtu alijua kwamba wakati wa Pasaka alikuwa amemposa Générose, naye akakataa kwa upole, akisema mtu anayefunga mizigo hajengi nyumba.

"Kwa hiyo mi nimefunga njia ya mwanamuke ili nimuoe?" Byamungu alisimamisha cherehani. "Ketsia, we ni mutoto bado. Mwanamuke uliyemunyima safari anakupikia nini? Sumu."

"Ulikuwa na mufuko saa mbili."

"Nilikuwa nao kwenye musumari, pale. Nilikuwa nashona sare za kwaya kumi na nne. Angalia mashine yangu: inatoboa matundu yake yenyewe. Na mafuta yake haya hapa." Alidondosha tone kwenye kitambaa, lilitawanyika, jembamba kama maji. "Yanaganda hayo?"

Hayakuganda. Lakini Byamungu alikuwa na mikono ya ushonaji, na alikuwa na sababu. Ketsia hakumfuta kwenye orodha. Alikwangua kwa kisu weupe kidogo kutoka ndani ya sakoshi, akaufunga kwenye karatasi ya plastiki, na saa tatu asubuhi akatoka kwenda Lilongwe.

*

Duka la Mzee Jussab lilikuwa Old Town, katikati ya maduka ya jumla, na lilinuka gundi na mpira mpya. Aliuza soli, brashi, nyuzi na kila aina ya mafuta ya ngozi. Alizaliwa Kigoma, na alipomwona Ketsia alifurahi, maana huko Lilongwe wachache walimsalimia kwa Kiswahili.

"Karibu, binti wa Norbert. Kwato au nyonyo?"

"Leo sinunui, mzee. Nataka unisaidie kujua hii ni nini."

Alivaa miwani. Alichota chembe ya ule weupe, akaiweka kwenye kisosi, akaimwagia spiriti. Pembeni alidondosha mafuta ya nyonyo, akayamwagia pia. Ya nyonyo yalichanganyika na spiriti mara moja, yakapotea. Ile chembe ilikaa chini kama kokoto.

"Si nyonyo. Basi si mchanganyiko wako. Mafuta ya mgao wenu?"

"Yale ya kopo, ya kupikia."

"Hayo hayagandi kwa baridi yenu. Grisi ingekuwa nyeusi. Hii ni ya mnyama." Alitoa kipande cha shahamu ya ng'ombe kutoka kwenye kopo. "Nyosha mkono."

Aliweka kiganjani mwake shahamu upande mmoja na ile chembe upande mwingine. Wakangoja, mzee na kijana, mteja mmoja aliyetaka viatu akiwa anawatazama kama wachawi. Shahamu ilibaki ngumu. Chembe ililegea, ikang'aa, ikawa tone la manjano.

Mzee Jussab alinusa. "Siagi. Wala si ya dukani. Ina moshi. Imesukwa kwenye kibuyu." Kisha aliuliza, "Ilipakwa wapi?"

"Ndani. Chini ya bitana ya mufuko wa kuwekea karatasi."

"Kwenye mfuko wa karatasi?" Alitikisa kichwa. "Basi aliyepaka hakuwa anafikiria karatasi. Ndani hupakwa ngozi ya kuvaliwa, iwe laini mwilini."

Ketsia alisema asante, akageuka, akarudi tena kwa sababu alikuwa amesahau kumwachia mzee miwani yake, ambayo bila kujua alikuwa ameichukua kaunta. Alikuwa anafikiria koti. Dzaleka nzima mwenye koti la ngozi alikuwa mmoja, naye alikuwa Byamungu.

*

Alifika saa tisa alasiri. Byamungu alilivua koti alipoombwa, akampa. Ketsia aliligeuza. Ndani palikuwa na bitana ya hariri ya bandia, kavu, safi; aliifunua kwenye kona iliyochanika, na ngozi chini yake ilikuwa kavu kama mbao.

"Sasa we unanishitaki na koti langu?"

"Ninatafuta mutu anayepaka siagi ngozi ya kuvaa, upande wa ndani."

"Siagi!" Byamungu alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ningekuwa na siagi ningekula. Sikiliza, fundi. Koti haligusi mwili. Bitana njo inagusa. Nani anavaa ngozi tupu?"

Aliuliza kama mzaha, lakini swali lilimfuata Ketsia hadi nyumbani kwa Générose kama mbwa aliyekosa mwenyewe.

Générose alikuwa amekaa kitandani, mizigo miwili imefungwa mbele yake. Mmoja mkubwa, mmoja mdogo wenye utepe mwekundu.

"Yaya, nikuulize kitu kimoja. Mara ya mwisho ulijua barua iko humo ilikuwa lini?"

"Jumatatu, kabla ya kukuletea."

"Hukuigusa tena?"

"Sikufungua. Lakini kila usiku ninaifinya. Tangu Kigoma. Nafinya pale kwenye kona, inalia kra, kra. Ikilia njo ninalala."

"Jumanne usiku?"

Générose aliinua uso. "Ililia," alisema polepole. "Jumanne, baada ya Byamungu kunirudishia. Nilifinya, ikalia. Jana sikufinya. Nilibeba magunia ya mgao, nikaanguka kama muti."

Basi hakuwa Audace. Hakuwa Byamungu. Ketsia alihisi aibu ikimpanda masikioni kwa ajili ya lile koti. Barua ilichukuliwa Jumatano.

"Jana nyumba ilikuwa wazi?"

"Nilifunga saa mbili asubuhi, nikarudi saa tisa. Kufuli halikuguswa."

"Na ufunguo?"

"Shingoni mwa Carelle, kama siku zote za mgao. Mutoto hapotezi."

Wakati huo mlango ulisukumwa, Carelle akaingia na upepo nyuma yake. Alikuwa na miaka minane, ufunguo ukining'inia kwenye kamba shingoni. Upepo ule ulikuwa umewapasua watoto wote wa Dzaleka mashavu na midomo. Mashavu ya Carelle yalikuwa laini, yaking'aa. Kwenye ukingo wa sikio lake, pale ambapo baridi ilikuwa imeshika zaidi, palikuwa na weupe mwembamba, kama unga.

Ketsia alipiga goti. Aligusa sikio lile kwa ncha ya kidole. Weupe ukayeyuka. Akanusa: moshi na maziwa.

"Nani amekupaka, mama?"

"Bibi Nibigira. Siku za mgao ninashinda kwake. Anasema ngozi isipokula, inapasuka." Mtoto aliwatazama wote wawili. "Nimekosa?"

"Hapana," Ketsia alisema. "We hujakosa."

*

Saa kumi na moja jioni walikuwa watatu ndani ya nyumba ya Bibi Nibigira: mwenyewe kwenye kigoda, Générose akiwa amesimama, na Ketsia mlangoni na sakoshi. Carelle walimwacha kwa Byamungu. Ukutani vilining'inia vikapu vilivyosukwa kwa nyasi, vyenye vifuniko virefu vilivyochongoka. Kibuyu cha maziwa kilikuwa karibu na moto.

"Kaeni, banangu. Kuna chai."

"Hatutakaa, Bibi." Sauti ya Ketsia ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Nataka kuuliza. Ulipokuwa mutoto, mama yako alivaa nini?"

Mzee alimtazama. Alielewa kwamba swali halikuwa la mazungumzo, lakini alilijibu, kwa sababu lilikuwa limemgusa mahali pazuri.

"Ngozi. Ngozi ya ng'ombe, kiunoni, kama mama bote ba mulimani. Mi njo nilikuwa naipaka siagi. Kila asubuhi, hapa ndani, inapogusa mwili. Ilikuwa laini kama sikio la ndama."

"Jumatatu uliniambia ngozi hula kwa tumbo. Mi nilikubishia. Jana mutu alifumua bitana ya mufuko huu, akachukua barua, akarudisha uzi kwenye matundu yake. Kabla ya kufunga, alipaka siagi ndani. Fundi viatu hawezi kupaka ndani ya mufuko wa karatasi. Mushonaji hawezi. Anaweza mutu ambaye kwake ngozi ni nguo. Na ufunguo wa nyumba jana ulikuwa shingoni mwa mutoto, na mutoto alikuwa hapa."

Moto ulipasua kuni. Générose, ambaye njia nzima alikuwa amesema haiwezekani, si Bibi, alingoja mzee akatae.

Hakukataa.

"Alikuwa amelala," alisema. "Nilivua kamba taratibu. Hakuamka."

"Bibi!" Générose alipiga hatua. "We ulimufundisha kutembea kwenye tope la hapa! Ulikula kwangu! Umefanya nini?"

"Binti yangu alikuwa na batoto batatu." Nibigira alisema akiutazama moto. "Mwaka wa tisini na sita alisema banaenda mbele kidogo, mi niwafuate na mizigo. Kidogo tu. Mpaka leo bako mbele. Sasa na huyu. Ng'ambo iko wapi? Nitafuata na miguu gani? Nikasema, karatasi ikipotea, safari itakufa. Tutabaki bote, we, yeye, mi. Sikutaka kuiba mutoto, Mama Carelle. Nilitaka kuiba safari."

"Safari haifi, Bibi," Ketsia alisema. "Jina la Mama Carelle litabaki. La mutoto litafutwa. Yeye ataondoka, na Carelle ataachwa hapa, na si kwako: kwa batu banaochunguza. Miaka."

Mzee aligeuza kichwa taratibu. "Bamutenge na mama yake?"

"Njo hivyo balisema. Tangu mwezi wa tano."

"Hakuna aliyeniambia." Mikono yake, iliyosuka vikapu vyote vile, ilianza kutafuta kitu hewani. "Hakuna aliyeniambia! Mi nilifikiri ofisi ni kama mulango, unafungwa kwa bote!"

Alisimama kwa shida, akashusha kikapu kidogo kuliko vyote, akafunua kifuniko. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe cha Jumapili, na ndani ya kitambaa barua ya Maombi, imekunjwa kwenye mikunjo yake ile ile ya zamani.

Générose aliipokea kwa mikono miwili. Aliifinya. Ililia. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Mbona hukuichoma?" Ketsia aliuliza. Upelelezi ulikuwa umekwisha. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

"Kidole cha marehemu kiko pale chini. Nani anachoma kidole cha mutu?"

"Na siagi? Bila siagi nisingejua."

"Ngozi ilikuwa kavu kule ndani, mwanangu. Inalia. Nikasema, nimeiba, sawa, lakini sitaacha mufuko wa mwenzangu upasuke njiani."

Ketsia alisema kwa upole kabisa, "Njiani wapi, Bibi, kama safari ulikuwa umeiua?"

Nibigira alikaa kwenye kigoda chake, akajifunika uso kwa viganja. Générose alitoka bila kuaga.

Ketsia aliondoka baadaye, akapita kwa Byamungu kuomba msamaha mbele ya watu, kwa sauti ambayo safari hii haikuhitaji mtu ainame. Audace alidai apewe wake pia, na akapewa. Na kwa Générose alikiri habari ya mdomo wake wa Jumatatu. Générose alisikiliza, akasema, "Nimechoka kukasirika, mdogo wangu. Niachie la kesho."

*

Ijumaa, saa mbili na dakika ishirini, afisa aliisoma barua mara mbili. Kwenye kona karatasi ilikuwa na doa la mafuta, duara dogo ambalo mwanga ulipita, na kupitia doa hilo kidole cha Maombi kilionekana hata upande wa nyuma.

"Hii ni nini?"

"Siagi," Générose alisema, na mkalimani akatafsiri.

Afisa aliandika kitu. Karatasi iko, alisema, lakini mama aliyeiandikisha hayupo. Je, kuna mtu mzima, asiye ndugu, awezaye kushuhudia kwamba mtoto huyu amelelewa na mwanamke huyu?

"Iko nje," Générose alisema.

Ketsia, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, aliona mlango ukifunguliwa. Kando yake Bibi Nibigira alikuwa amekaa wima, kitenge chake bora mabegani, Carelle amelala mapajani mwake. Alfajiri Générose ndiye aliyembishia mlango. Alikuwa amesema maneno manne tu: Bibi, vaa, batataka shahidi. Kwenye basi Générose alimpa kiti cha dirishani.

Mzee aliingia. Aliulizwa, akajibu. Ndiyo, ni mama yake. Ndiyo, anamlisha kabla ya kula. Ndiyo, aende naye. Hilo la mwisho alilisema mara mbili ingawa mkalimani alikuwa amelisikia mara ya kwanza.

Hakujua kuandika. Afisa alisogeza kisanduku cha wino. Nibigira alibonyeza kidole gumba, akakiweka chini ya fomu, akakiinua. Karatasi ilibaki nyeupe. Alirudia. Hakuna. Miaka sitini ya siagi ilikuwa imejaa kwenye mistari ya kidole, na wino uliteleza juu yake kama mvua juu ya ngozi iliyolishwa vizuri.

"Samahani," Ketsia alisema mlangoni, na hakungoja ruhusa. Aliingia, akakishika kidole kile, akakifuta kwa pindo la kitenge chake, kwa nguvu, mara tatu, mara nne, kama anavyofuta ngozi kabla ya nta.

"Sasa, Bibi."

Alama ilitoka nyeusi, nzima, kila mstari mahali pake. Afisa aliilaza barua ya Maombi kando yake, akangoja wino ukauke, akavuta faili, na chini ya jina la Générose akaandika jina la pili: Carelle.